Mlango wa Mgeni Rasmi

Hapo juzijuzi, si zamani na wala si kale, palikuwa na nchi iliyo mbali sana na hii yetu, mbali kiasi kwamba hakuna msomaji atakayeitambua. Atakayedhani ameitambua akapimwe macho. Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa, na mafuta yaliyomwagika hovyo kila mahali. Dizeli ilimwagika bandarini, mafuta ya taa yalimwagika stesheni, mafundi magari walimwaga oili chafu mitaroni kwa makusudi, na wananchi walikwisha kuzoea kuteleza. Hakuna aliyelalamika mpaka siku Mkuu wa Nchi aliposhuka garini kwenda kufungua kituo cha petroli, akakanyaga kidimbwi kwa kiatu cheupe. Kiatu kimoja tu. Kabla jua halijatua nchi ilikuwa imepata Wizara ya Kutomwagika.

Wizara ilianza vizuri kupita kiasi. Watu wake walisoma sheria za nchi ambako mafuta yanahifadhiwa bila mtu kuteleza, wakarudi na sheria fupi ambayo mtu angeweza kuikariri akiwa anapiga mswaki. Ilisema hivi: kila tangi la mafuta lililo kubwa kuliko pipa, liwe la dizeli au la mafuta ya kula, liwe la kiwanda, la shule au la mkulima shambani kwake, lizungukwe na ukuta. Ukuta si lazima uwe mrefu, magotini panatosha. Sakafu iwe ya saruji, na ndani pawe na nafasi ya kupokea mafuta yote ya tangi lile likipasuka, na nafasi kidogo ya ziada kwa ajili ya mvua. Koki ya kutolea maji ya mvua ikae imefungwa, na asiiguse mtu kabla ya kuangalia kama maji yale hayana utando wa mafuta. Basi. Sheria ilikuwa nzuri na ilieleweka na kila mtu, na jambo hilo likawatia wakubwa wasiwasi.

Katika kikao cha Baraza la Mawaziri aliyenyoosha mkono alikuwa Mkuu wa Itifaki wa Taifa, Bi Saumu Kilindo, mama mwembamba mwenye kazi moja tu duniani, kuhakikisha kwamba wakubwa hawaaibiki. Aliuliza kuta hizo zitafunguliwa na nani. Swali lilikuwa la maana, kwa sababu katika nchi ile kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka mgeni rasmi akifungue. Palikuwa na madaraja yaliyokamilika ambayo watu hawakuthubutu kuyapita, wakawa wanavuka mto kwa kulowa chini yake huku wakisubiri utepe ukatwe. Akajibiwa kwamba Waziri wa Kutomwagika atazifungua. Ndipo akauliza swali la pili. Mheshimiwa ataingiaje ndani ya ukuta? Atainua mguu?

Ieleweke kwamba katika nchi ile mheshimiwa hainui mguu mbele za watu. Hapo nyuma Waziri wa Mifereji aliruka mfereji mbele ya kamera, suruali ikapasuka nyuma kwa mlio uliosikika mpaka mikoani. Taarifa ya habari haikumkuta akiwa bado waziri. Jambo hilo likaingizwa kwenye Katiba, katika sura ya heshima: kiongozi atakayechanikiwa nguo hadharani, uheshimiwa wake umekoma papo hapo, na hakuna wa kuurejesha. Tangu hapo wakubwa walikuwa wakitembea kwa kuburuza soli, na ngazi zote za majengo ya Serikali ziliondolewa.

Kwa hiyo sheria ikaboreshwa. Kila ukuta wa mafuta uwe na mlango, na upana wa mlango uwe sawasawa na kiti cha mheshimiwa wa mlango huo. Kiti kilitajwa kwa sababu Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Shekue Mapana, hakuwa akienda popote bila kiti chake. Kilikuwa kiti cha mninga chenye mito ya mahameli, kilichozibwa kwa mbao pande zote mpaka chini, kama sanduku, ili wananchi wasijue kwamba miguu ya Mheshimiwa haifiki sakafuni. Wanaume wanne walikibeba mbele yake, na palipoingia kiti ndipo alipoingia yeye. Tena mlango huo usiwe na ubao wala komeo, maana kumwekea mgeni rasmi kitu kinachofungwa ni kumtilia shaka.

Mhandisi mmoja aliuliza kwa adabu zote kama mafuta nayo hayatapita kwenye mlango huo. Alipongezwa kwa uzalendo wake, akapelekwa kusimamia mnara wa kuongozea meli ulioko jangwani. Suala lake lilishughulikiwa na kamati, na kamati ikaja na bango. Kila mlango uwekwe bango lenye maandishi mekundu: MAFUTA HAYARUHUSIWI KUPITA HAPA. KWA AMRI.

* * *

Wilaya ya Mteremkoni ilipewa Afisa wa Kuta aitwaye Ngwali Mandondo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyefiwa na mkewe, mwenye suruali moja ya kazini ya kijivu ambayo ilimbana kidogo na ambayo aliipiga pasi kila asubuhi kwa mapenzi. Kulikuwa na jambo moja alilolitamani maishani, nalo ni kuitwa Mheshimiwa. Marehemu mama yake alikuwa akimwita hivyo kwa utani kila alipokataa kuchota maji, na utani ule ulimwingia akilini ukakaa.

Mteremkoni palikuwa mahali pazuri pa kupimia sheria ile kuliko pote. Kileleni mwa kilima ilisimama Bohari ya Mafuta ya Serikali, tangi lililoonekana kutoka wilaya tatu. Kutoka hapo ardhi iliteremka moja kwa moja, ikapita mashamba ya alizeti, ikaishia kwenye chemchemi ambayo wilaya nzima iliinywa.

Bwana Ngwali alianza na matangi ya kweli, akayamaliza upesi. Makao makuu yakamwuliza mbona wilaya nyingine zina kuta nyingi kuliko yake. Akaona afadhali ajumlishe. Mtaa wa Kisimani, ukikusanya chupa za kila jikoni, ulikuwa na mafuta kuliko pipa, kwa hiyo kisheria mtaa huo ulikuwa tangi. Ukazungushiwa ukuta wa magotini, na wakazi wakawa wanaingia makwao kupitia mlango wa mgeni rasmi. Mama muuza mandazi alijengewa ukuta kuzunguka karai, akawa anawarushia wateja mandazi kutoka ndani. Saluni ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya mafuta ya nywele, na wateja wakashauriwa wasitoke jua likiwa kali. Kila ukuta ulikuwa na mlango wake na bango lake, na watu wa Mteremkoni, ambao si wagumu wa kufurahi, walijifunza kukaa juu ya kuta hizo kila jioni wakipiga domo. Ilikuwa faida ya kwanza ya Wizara.

Ndipo alipofika kwa Bi Zamoyoni Lugendo.

Bi Zamoyoni alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na bonde zima lilikamua kwake. Alikuwa na tangi la dizeli ya mashine na matangi ya mafuta yaliyokwisha kukamuliwa, na yote yalikuwa ndani ya ukuta. Ukuta huo ulikuwapo kabla ya sheria. Aliujenga baada ya mwaka ule dizeli yake ilipovuja usiku kucha ikaingia chemchemini, wilaya nzima ikanywa chai yenye ladha ya lori mpaka mvua zilipokuja. Watu walimsamehe, yeye hakujisamehe, akaleta mafundi na saruji. Ukuta wake ulizunguka pande zote bila kuachia hata pa kupitisha paka. Aliyetaka kuingia alikanyaga jiwe moja nje, akainua mguu, akakanyaga jiwe jingine ndani.

"Karibu Bwana Afisa," alisema akiwa ndani. "Panda uingie ukague."

Bwana Ngwali aliuzunguka ukuta mara mbili, kwa nje. "Bi Zamoyoni, mlango uko wapi?"

"Mlango wa nini?"

"Wa mgeni rasmi."

"Mwambie ainue mguu."

Bwana Ngwali aligeuka kuangalia kama kuna aliyesikia. Bi Zamoyoni akamwuliza, bila ukali, yeye angemshauri nini mtu mwenye beseni lililotoboka. Akajibu kwamba angemshauri aweke bango. Alijibu kabla hajafikiri, kisha akafikiri, akaona aibu mpaka masikioni.

Usidhani kwamba hakujua. Kila mtu alijua. Dereva wa Waziri alijua, wabeba kiti walijua, hata mbuzi wa Mteremkoni waliokuwa wakiingia kwa mlango kulamba mabaki walijua. Ila katika nchi ile mtu aliyesema jambo ambalo kila mtu analijua alionekana mchochezi, na mnara wa jangwani ulikuwa bado una vyumba vitupu.

Kwa hiyo akatoa tamko lake kwa sauti ya ofisini. Bi Zamoyoni asiwashe mashine mpaka abomoe sehemu ya ukuta na kuweka mlango. Asipofanya hivyo, siku ambayo Waziri atakuja kufungua ukuta wa Bohari ya Serikali, atateremka mwenyewe mpaka hapo na kuipiga mashine kufuli. Bi Zamoyoni alimwonyesha magunia. Mavuno ya bonde zima yalipangwa uani mpaka usawa wa paa, na nyuma ya kilima mawingu ya mvua yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya. Alizeti ikilowa itaota ukungu, na ikiota ukungu watu watalala njaa. Alisema hayo taratibu, kisha akasema hatabomoa, maana chemchemi aliwahi kuiharibu mara moja na mara ya pili hataki. Halafu akamletea chai, akampitishia kikombe juu ya ukuta.

Bwana Ngwali alimpenda. Tuseme wazi, hakuna haja ya kuzunguka. Alimpenda tangu kikombe kile, akainywa chai akiwa amesimama nje, akarudi nyumbani akiwa mnyonge, akapiga pasi suruali ambayo ilikuwa tayari imepigwa pasi.

* * *

Siku ya siku ilifika. Kilima kilipambwa, zulia jekundu lilitandikwa kutoka mlango wa ukuta wa Bohari mpaka barabarani, na wananchi walipangwa juani kwa mujibu wa urefu. Kiti cha mninga kiliteremshwa kwenye lori lake mwenyewe. Wabeba kiti wakakipitisha mlangoni, kikaingia bila kukwaruza hata rangi, kwa kuwa Bwana Ngwali ndiye aliyepima. Waziri akafuata kwa kuburuza soli, akakaa, na wananchi wakapiga makofi kwa jinsi alivyokaa.

Kwanza akafungua. Utepe haukuonekana kutosha kwa jambo zito namna hiyo, kwa hiyo Bi Saumu Kilindo alikuwa ameagiza gurudumu la koki kubwa ya tangi, lile la kuzungusha kwa mikono miwili, lipakwe rangi ya dhahabu. Lingechomolewa na kukabidhiwa kwa Mheshimiwa kama ukumbusho. Kukabidhi kulifanyika, gurudumu likaingizwa kwenye gari la zawadi pamoja na mbuzi, mikeka na picha ya Mheshimiwa iliyochorwa kwa mbegu za alizeti. Ila kabla ya hapo Mheshimiwa alikuwa ametoa hotuba, na katika hotuba ndimo mambo yalimoharibikia.

"Wananchi wa Mteremkoni," alisema, "wapo wanaobeza. Wanasema mafuta hayasomi. Nawauliza, na ninyi mlikuwa mnasoma kabla ya Serikali kuwajengea shule? Subira, ndugu zangu. Leo mafuta yatasoma."

Makofi yakampanda kichwani. Akaamuru koki ifunguliwe pale pale, ili umma ushuhudie dizeli inavyotii. Bwana Ngwali alifungua mdomo, akakumbuka mnara wa jangwani, akaufunga. Wasimamizi wa Bohari walitazamana. Halafu wakafungua, kwa gurudumu la dhahabu, na wakati makofi yanaendelea wakalichomoa, wakalikabidhi, na gari la zawadi likaondoka kwa kasi kwenda mji mkuu, kwa sababu mbuzi hawakupaswa kukaa juani.

Dizeli ikatoka. Mwanzo ilienda kwa adabu. Ilitandaa sakafuni, ikajaza kona moja, ikajaza ya pili, ukuta ukaizuia pande zote ulipokuwa na ukuta. Kisha ikafika mlangoni. Mashahidi waliapa kwamba ilisimama kidogo chini ya bango, na Waziri akanyoosha kidole kwa furaha akisema mwaona. Halafu ikapita. Ilipita juu ya zulia jekundu kama alivyopangiwa mgeni rasmi, taratibu, katikati, na wananchi kwa mazoea wakaipigia makofi.

Makofi yalikoma watu walipokumbuka chemchemi.

Mkuu wa Bohari aliita ifungwe. Akaambiwa gurudumu limekwenda. Akaita lifuatwe. Akaambiwa gari la zawadi lina kibali cha kutosimamishwa na mtu yeyote, na kibali hicho amekitia saini yeye mwenyewe. Bi Saumu Kilindo aliagiza bendi ipige kwa sauti kubwa zaidi. Dizeli ilikuwa imefika nusu ya zulia, na kutoka mwisho wa zulia mpaka kwa Bi Zamoyoni, na kutoka kwa Bi Zamoyoni mpaka chemchemini, hapakuwa na kitu ila mteremko.

Bwana Ngwali alitazama mlango. Alikuwa amelala na vipimo vya mlango ule kichwani wiki nzima. Alitazama kiti, kilichozibwa mbao pande zote mpaka chini. Kulikuwa na kitu kimoja tu pale kilimani kilichotosha sawasawa kwenye pengo lile, na juu yake alikuwa amekaa Waziri.

Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka, "itifaki ya Mteremkoni inaomba ukae mlangoni."

Bi Saumu aligeuka macho yamemtoka pima, kwa kuwa hakuna itifaki aliyokuwa haijui. Bwana Ngwali akaeleza upesi kwamba mlangoni ndipo pa juu kuliko pote, kwamba aliyekaa mlangoni anaonekana na waliomo ndani na walioko nje, na kwamba wapiga picha wangepata bango na Mheshimiwa kwa pamoja. Neno picha lilimaliza ubishi. Wabeba kiti, ambao walikuwa wameelewa zamani, wakanyanyua kiti na mtu wake, wakakitumbukiza mlangoni. Kikakaa kama kizibo. Dizeli ikabaki ndani, ikaanza kupanda kwenye mbao za mninga.

Ilikuwa ikichuruzika kidogo pembeni, lakini Bi Zamoyoni alikuwa amekwisha kupanda kilima na wakulima wake, kila mmoja na gunia la makapi ya alizeti mgongoni. Wakashindilia makapi kwenye nyufa, wakayamwaga juu ya zulia, yakafyonza kila tone lililokuwa limetoroka. Zulia likakunjwa na makapi yake yote, likatupwa ndani ya ukuta. Chemchemi ilikuwa salama. Waziri alikuwa akitabasamu mbele ya kamera, akiwa hajaambiwa kwamba hawezi kuinuka.

Alipoambiwa, hakuamini. Alipoamini, aliuliza gari la zawadi litarudi lini. Lilirudi kesho yake mchana, likiwa na gurudumu la dhahabu na bila mbuzi hata mmoja. Muda wote huo Mheshimiwa alikuwa amekaa, akilishwa kwa kijiko kutoka nje, akihutubia yeyote aliyepita. Kufuli la mashine ya Bi Zamoyoni lilibaki mfukoni mwake, maana yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulifunga, na hakuweza kuteremka.

* * *

Nchi ya kawaida ingejifunza kitu. Nchi ile ilijifunza kingine.

Taarifa ya Serikali ilieleza kwamba sheria imefanya kazi kwa mafanikio makubwa. Mafuta yalimwagika, mlango ulikuwepo, na Mheshimiwa aliyazuia kwa hadhi yake. Ilikuwa dhahiri, taarifa iliendelea, kwamba kilichokuwa kikikosekana kwenye milango yote ya nchi ni waheshimiwa. Kwa kasi ambayo nchi ile ilikuwa nayo kila lilipokuja suala la viti, sheria ikaboreshwa tena ndani ya siku chache. Kila mlango wa ukuta wa mafuta ukaliwe na mheshimiwa wake, mchana na usiku.

Waheshimiwa waliokuwepo hawakutosha, ikabidi wateuliwe wengine. Wakateuliwa wajomba, mashemeji, watu waliosoma na wakubwa na watu waliowahi kukosana nao. Mlangoni kwa mama muuza mandazi alikaa Naibu Waziri mzima, akanenepa vizuri. Mtaa wa Kisimani ulipewa jaji mstaafu, na watoto wakawa wanamruka wakienda shule. Wizara zenyewe zilibaki tupu, kwa kuwa wakubwa wote walikuwa wamekalia milango, na ajabu ni kwamba kodi ilikusanywa, barabara zikazibwa mashimo, na madaraja yakaanza kupitwa na watu bila kufunguliwa. Wananchi hawakusema kitu. Walihofia kwamba wakifurahi sana wakubwa watasimama.

Bwana Ngwali alipelekewa barua yenye muhuri. Kwa ushujaa wake kilimani, ameteuliwa kuwa Mheshimiwa wa Mlango, kituo chake kikiwa kwa Bi Zamoyoni Lugendo. Atapewa kiti. Bi Zamoyoni abomolewe ukuta kwa upana wa kiti hicho, mheshimiwa aingie, akae, na hapo ndipo mashine iruhusiwe kuwashwa.

Aliisoma barua akiwa amesimama, kisha akaisoma akiwa amekaa ili ajionee inavyokuwa. Mheshimiwa Ngwali Mandondo. Alimkumbuka mama yake, akalia kidogo. Alijua pia kwamba mtu akiinuka kitini kwenda haja, au akisinzia, au akifa, kwa Bi Zamoyoni patakuwa na pengo, na chini ya pengo kuna chemchemi.

* * *

Asubuhi ya kuapishwa mawingu yalikuwa yamefika juu ya mashamba. Bi Saumu Kilindo alikuja mwenyewe, akiwa na mkasi wa utepe, wabeba kiti wawili na fundi mwenye nyundo kubwa. Wakulima wa bonde walikuwa wamekaa juu ya magunia yao. Bwana Ngwali alikula kiapo, akavishwa mkufu wa cheo, na kwa mara ya kwanza Bi Saumu Kilindo akamwita Mheshimiwa. Neno lilikuwa tamu kama alivyokuwa akiliwazia miaka yote. Hatutamsingizia kwamba hakulifurahia.

Fundi akanyanyua nyundo, akauliza apige wapi.

Bi Zamoyoni alikuwa ndani ya ukuta, karibu na tangi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Kama mmekuja kubomoa, bomoeni," alisema. "Ila wewe Bwana Afisa hujawahi kukagua. Tangu siku ile unakagua kwa nje. Panda kwanza uone unachokivunja."

Mheshimiwa Ngwali aliutazama ukuta. Ulikuwa wa magotini. Lilikuwepo jiwe la kukanyagia. Tone la kwanza la mvua lilimwangukia puani, la pili likaangukia gunia la mtu, na mwenye gunia akalifunika kwa kiganja kana kwamba kiganja kingetosha.

Akamgeukia Bi Saumu. Akauliza, kwa sauti ya kila mtu kusikia, mlango wa ukuta huu kisheria uwe na upana gani. Bi Saumu alijibu kwamba uwe sawasawa na kiti cha mheshimiwa wa mlango huo, na hilo kila mtu analijua.

"Na kama mlango hauna mheshimiwa?"

"Mheshimiwa si wewe hapo," alisema Bi Saumu, na hapo hapo akaelewa, akanyoosha mkono kumzuia.

Alichelewa. Ngwali Mandondo alikuwa amekanyaga jiwe. Akainua mguu, akauinua juu kuliko ilivyohitajika, juu kuliko kiongozi yeyote wa nchi ile alivyowahi kuuinua tangu Waziri wa Mifereji, na suruali ya kijivu ikapasuka kutoka mshipi mpaka kwenye goti kwa mlio ambao wakulima waliokuwa nyuma kabisa wanasema waliusikia vizuri.

Fundi alishusha nyundo. Hakuna aliyecheka. Ngwali alikuwa amesimama juu ya ukuta, mguu mmoja ndani na mmoja nje, upepo wa mvua ukimpita mahali ambapo haukuwa umewahi kumpita. Kisha akaanza kucheka yeye mwenyewe, akacheka mpaka mkufu wa cheo ukamvuka kichwani ukaanguka, na bonde zima likamfuata.

Bi Saumu Kilindo aliziba macho kwa mkasi. Lakini alikuwa mtu wa itifaki mpaka kwenye mifupa, na Katiba alikuwa akiijua. Uheshimiwa umekoma. Mlango hauna mheshimiwa, mheshimiwa asiyekuwepo hana kiti, na kiti kisichokuwepo hakina upana. Alitafuta kosa, midomo ikichezacheza, asilione. Mwishowe alisogea mpaka ukutani, akakata hewa kwa mkasi.

"Mlango umepimwa," alitangaza. "Upana wake ni sifuri. Nautamka kuwa umefunguliwa rasmi. Washeni mashine."

Wakulima wakaparamia magunia. Mashine ikakohoa, ikashika, ikaanza kunguruma, na mvua ikaanza kunyesha juu ya kiti kitupu ambacho hakuna aliyekumbuka kukiondoa. Bi Zamoyoni alifungua kanga aliyojitanda mabegani, akaja nayo mpaka kwenye ukuta, akamfunga kiunoni kwa mikono yake, akakaza fundo.

"Shuka taratibu, Ngwali," alisema. "Hapo ndani panateleza."